Mwacheni Acheze: Bingwa Mkongwe na Rekodi za Jioni

Mwenyekiti wa kikao, makocha wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa mbele na raketi zenu magotini, nawasalimu nyote.

Niliombwa nizungumzie rekodi katika tenisi. Nimechagua zile za jioni, ambazo bingwa huzifukuza wakati wenzake wa rika moja wameshakuwa makocha na watangazaji. Nitaanza na mtu ambaye jina lake limo midomoni mwenu kila siku, Novak Djokovic.

Mwaka 2025 alitimiza miaka 38. Mwaka huohuo alifika nusu fainali ya mashindano yote manne ya Grand Slam, yaani yale makubwa kuliko yote (Australian Open ya Melbourne, French Open ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York), na zote nne alikwama hapohapo. Melbourne alimtoa Carlos Alcaraz katika robo fainali, lakini alitoka uwanjani na msuli wa paja umeumia. Akacheza seti moja tu na Alexander Zverev, akasalimu amri. Paris alifungwa na Jannik Sinner seti tatu bila. Wimbledon, Sinner tena, seti tatu bila. New York ikawa zamu ya Alcaraz, na hesabu ikawa ileile. Baada ya mechi hiyo ya New York aliwaambia waandishi waziwazi kwamba kuanzia seti ya tatu pumzi ilikuwa imemwishia, na kwamba kuwashinda vijana hawa wawili, Sinner na Alcaraz, mwishoni mwa Grand Slam, kwa seti tano, kumekuwa kugumu mno kwake.

Basi watu wakaanza. Ana mataji 24 ya Grand Slam. Ana dhahabu ya Olimpiki aliyoichukua Paris mwaka 2024. Amekaa kileleni mwa orodha ya dunia kwa wiki 428. Anatafuta nini tena? Kwa nini asipumzike na heshima yake? Na wazee wa maneno wakatukumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Nimekuja kuwapinga. Nasema bingwa mkongwe ana haki ya kucheza mpaka yeye mwenyewe atosheke, na kwamba kushindwa kwake kwa jioni hakuondoi hata punje moja ya alichovuna mchana. Sisemi hivi kwa huruma. Nasema hivi kwa sababu nimeisoma historia ya mchezo huu na nimeona imekwisha kutoa hukumu.

Tuzitazame kwanza hizo rekodi zenyewe. Taji moja tu la Grand Slam, la 25, lingevunja mbili kwa mpigo. La kwanza lingempita Margaret Court wa Australia, ambaye naye ana 24, na ambaye Djokovic yuko naye sawa tangu US Open ya 2023. La pili lingemfanya awe mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote wa Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja katika enzi ya wazi, yaani tangu 1968. Rekodi hiyo anayo Ken Rosewall, Mwaustralia pia, aliyetwaa Australian Open ya 1972 akiwa na miaka 37 na miezi miwili. Kisha ipo rekodi ya tatu, ya mataji yote ya wanaume kwa jumla: Jimmy Connors wa Marekani anayo 109. Roger Federer aliishia 103. Djokovic alipata la 100 huko Geneva mwezi Mei 2025, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38, na la 101 huko Athens mwezi Novemba mwaka huohuo.

Yashikeni vizuri majina mawili, Rosewall na Connors, kwa maana watu hawa wawili walikutana, na kukutana kwao ndiko kunakonifanya nisimame hapa.

Rosewall alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye mkono wa nyuma (backhand) uliokuwa ukikata mpira kwa unyoofu wa ajabu. Alitwaa taji lake la kwanza la Grand Slam mwaka 1953, akiwa na miaka 18. Mwanzoni mwa 1957 akaingia katika tenisi ya kulipwa. Vijana huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Zamani zile mashindano makubwa yalikuwa ya ridhaa tu, na mtu akishapokea pesa za kucheza, milango ya Wimbledon, Paris, New York na Australia inafungwa mbele yake. Rosewall alikaa nje misimu 11, tangu akiwa na miaka 22 hadi 33. Hiyo ndiyo miaka ambayo mchezaji huvuna! Milango ilipofunguliwa mwaka 1968, shindano la kwanza la Grand Slam kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa lilikuwa French Open. Aliyelitwaa ni Rosewall, kwa kumfunga Rod Laver katika fainali. Akaongeza US Open ya 1970 na Australian Open ya 1971 na 1972.

Kwa hiyo tunapoitaja rekodi ya umri ya Rosewall, tujue imetoka wapi. Imetoka kwa mtu aliyenyang'anywa ujana wake wa mashindano na kanuni za wakubwa, naye akaamua kuishi ujana huo uzeeni. Mtu asije akaniambia kwamba angepaswa kustaafu mapema kulinda jina.

Sasa twende mwaka 1974. Rosewall ana miaka 39. Wimbledon, taji pekee kubwa ambalo hakuwahi kulipata, anafika fainali. Njiani amemtoa John Newcombe, bingwa wa mara tatu wa nyasi zile, na katika nusu fainali amemshinda Stan Smith baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili. Kwenye fainali anamkuta kijana wa miaka 21, Jimmy Connors, anayeshika raketi ya chuma na kupiga mkono wa nyuma kwa mikono miwili, mwenye njaa usoni. Connors anashinda 6-1, 6-1, 6-4. Miezi miwili baadaye wanakutana tena katika fainali ya US Open. Matokeo: 6-1, 6-0, 6-1. Rosewall amepata gemu mbili tu katika seti tatu.

Bila shaka siku ile walikuwapo waliofumba macho. Bila shaka walikuwapo waliosema mzee ameaibika, angeondoka mapema. Lakini leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, nani anamtaja Rosewall kwa gemu mbili zile? Anatajwa kwa mataji manane ya Grand Slam na kwa mkono ule wa nyuma. Zile fainali mbili zenyewe zimegeuka kuwa sifa, kwani mtu wa miaka 39 kufika fainali ya Wimbledon na ya US Open katika mwaka mmoja ni jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine wa enzi ya wazi amelifanya. Wala hakukimbia kujificha. Aliendelea kucheza, akatwaa shindano la Hong Kong mwaka 1977, akiwa ametimiza miaka 43.

Na yule kijana aliyempiga bila huruma? Muda ulimfikia naye. Mwaka 1991 Jimmy Connors alikwenda US Open akiwa nje kabisa ya wachezaji mia bora, amepewa nafasi ya upendeleo na waandaaji. Katika mechi ya kwanza alikuwa nyuma kwa seti mbili na 0-3 katika ya tatu dhidi ya Patrick McEnroe, akarudi akashinda. Tarehe 2 Septemba, siku aliyotimiza miaka 39, alicheza na Aaron Krickstein kwa zaidi ya saa nne na nusu, akashinda katika taibreki, yaani gemu ya kuamua, ya seti ya tano huku uwanja mzima wa New York umesimama. Alifika nusu fainali, akafungwa na Jim Courier seti tatu bila. Taji la mwaka ule lilikwenda kwa Stefan Edberg. Sikumbuki kumsikia mpenzi wa tenisi akisimulia fainali ya mwaka ule kwa moto anaosimulia nao mechi ya Krickstein.

Rosewall aliyepigwa, na Connors aliyempiga, ndio wenye rekodi mbili ambazo Djokovic anazitafuta sasa. Wote wawili walicheza kupita pale ambapo watu waliwataka wasimame. Hizo rekodi zimezaliwa na ukaidi huohuo tunaomlaumu nao Djokovic.

Nije kwenye mwili, kwa sababu makocha wenzangu watasema hayo ni mapenzi tu, mwili una sheria zake. Ni kweli, na sibishani nao. Bingwa mkongwe hakosi mkono. Mkono hauzeeki upesi. Jicho lililozoea kusoma mpira wa mpinzani kabla haujaondoka kwenye raketi huzidi kukomaa. Kinachopungua ni hatua ya kwanza ya kulipuka kuufuata mpira wa pembeni, na zaidi ya hiyo, ni uponaji wa misuli kutoka mechi moja hadi nyingine. Grand Slam ni mechi saba ndani ya wiki mbili, na kwa wanaume kila moja inaweza kufika seti tano. Kijana wa miaka 22 akicheza saa nne Jumatano, Ijumaa ameshasahau. Mtu wa miaka 38 Ijumaa bado anailipa Jumatano. Ndiyo maana mwaka 2025 nusu fainali ilikuwa ukuta wa Djokovic: siyo kwamba hawezi kumfunga Alcaraz, amemfunga Melbourne. Ni kwamba lazima amfunge huyo, kisha amfunge mwenziwe, na miguu ni ileile.

Lakini hapo ndipo pana utajiri ambao vijana hamtaupata kwa mwenzenu wa miaka 20. Mkongwe analazimika kuchagua. Tazameni alichofanya Federer. Baada ya Wimbledon ya 2012 alikaa miaka minne na nusu bila taji la Grand Slam, na wengi tulishamfungia hesabu. Mwaka 2014 alibadili raketi, akachukua yenye kichwa kikubwa zaidi, jambo ambalo kwa mtu aliyeshinda mataji 17 kwa raketi ndogo linahitaji unyenyekevu mkubwa. Mwaka 2016 goti likamsumbua. Baada ya Wimbledon akaufunga msimu wake wote. Aliporudi Melbourne Januari 2017, ana miaka 35 na amepangwa wa 17 kwa ubora, alimkuta Rafael Nadal katika fainali. Kwa miaka mingi Nadal alikuwa akimtesa kwa mpira wa juu unaoruka kwenye mkono wake wa nyuma. Safari hii Federer hakurudi nyuma kuusubiri. Alisogea mbele, akaupiga ungali unapanda, bapa na kwa nguvu. Seti ya tano alikuwa nyuma 1-3. Alishinda gemu tano mfululizo.

Kisha akafanya lililo gumu zaidi: aliacha. Aliuruka msimu mzima wa viwanja vya udongo, hakwenda Paris kabisa, akaja Wimbledon miguu imepumzika na kulitwaa taji bila kupoteza seti hata moja. Mwaka uliofuata akapata la 20 huko Melbourne, na mwezi Februari akarudi kuwa namba moja wa dunia akiwa na miaka 36. Mnaposikia Djokovic haonekani kwenye shindano hili wala lile, msidhani amechoka na mchezo. Anahesabu mechi zilizobaki mwilini na anaamua azitumie wapi.

Sitamaliza bila kumtaja Serena Williams, na hapa nitaomba tuwe waangalifu, maana sidhani kama kuna bingwa aliyeonewa kwa maneno kama yeye. Januari 2017 alitwaa Australian Open, taji lake la 23, bila kupoteza seti, akiwa mjamzito. Septemba akajifungua, na baada ya kujifungua akapata damu iliyoganda kwenye mapafu, hali inayoua. Miezi kumi baadaye yuko fainali ya Wimbledon. Kati ya 2018 na 2019 alicheza fainali nne za Grand Slam: akafungwa na Angelique Kerber, Naomi Osaka, Simona Halep na Bianca Andreescu, zote seti mbili bila. Zikaandikwa habari kwamba ameshindwa kulifikia taji la 24 la Court.

Ameshindwa? Mama wa miaka 36 na 37 amefika fainali nne kati ya nane za miaka miwili, na neno mnalolichagua ni hilo? Osaka alikuwa na miaka 20 na Andreescu 19. Walikua wakimtazama yeye kwenye runinga. Na kama tunahesabu, tuhesabu kwa haki: 13 kati ya mataji 24 ya Court ni ya kabla ya 1968, wakati wachezaji wa kulipwa walikuwa wamefungiwa nje. Simpunguzii Court heshima yake. Yeye mwenyewe alijifungua mwaka 1972, akarudi, na mwaka 1973 akatwaa Grand Slam tatu. Wanawake hawa wawili wanafanana kuliko namba zinavyoonyesha.

Tena Serena alipata kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya mataji. Aliporudi mwaka 2018 alikuta orodha imemshusha kwa sababu tu alikuwa akizaa. French Open alicheza bila kupangwa miongoni mwa wachezaji wa juu. Kelele zilipigwa, na mwisho wa mwaka huo chama cha tenisi ya wanawake kikabadili kanuni, kikampa mchezaji anayerudi kutoka uzazini miaka mitatu ya kuitumia nafasi aliyokuwa nayo. Angestaafu na 23 zake Januari ile, kama wengi walivyoona inafaa, sijui ni nani angekuwa na sauti ya kutosha kulisukuma jambo hilo.

Kuna mpaka mmoja ninaouheshimu, nao ni maumivu. Nadal alitwaa French Open ya 2022, taji lake la 14 pale, mguu ukiwa umechomwa sindano za ganzi hata hausikii. Alisema mwenyewe kwamba asingetaka kuendelea namna hiyo. Daktari akisema mfupa unakwisha, hiyo ni habari nyingine, na mzazi au kocha anayemsukuma mchezaji hapo hanihusu tena. Lakini uamuzi huo ni wa mchezaji na daktari wake. Sisi wa jukwaani hatumo.

Nimebakiza neno kwa vijana, na hasa wale ambao siku moja mtapangwa na mkongwe katika raundi ya kwanza au ya pili. Najua hali hiyo inavyomsumbua kijana. Jukwaa lote liko upande wa mwenzako, picha yake ilikuwa ukutani kwako, na moyo unakuambia usimwaibishe. Usimpunguzie hata pointi moja. Connors hakumpunguzia Rosewall, Courier hakumpunguzia Connors, Sinner hajampunguzia Djokovic. Mtu huyo hakuamka alfajiri kunyoosha viungo kwa saa nzima ili apewe sadaka uwanjani.

Mcheze hivi. Seti ya kwanza atakuja na servisi nzuri na pointi fupi. Usihangaike akikupita, kazi yako ni kumfanya apige mpira mmoja zaidi katika kila pointi. Mpeleke pembeni ya mkono wa mbele, mrudishe upande wa pili, kisha dondosha mpira mfupi nyuma ya wavu, hata kama ataufikia. Anapokwenda kujifuta taulo, tazama saa: je, anatumia sekunde zote 25 kabla ya servisi? Akianza kuzitumia zote, ameanza kutafuta pumzi. Hapo ongeza urefu wa mipira, usiongeze nguvu, kwa sababu nguvu yako ndiyo anayoitumia kukurudishia. Na ukimwona anasimama ndani zaidi ya mstari kupokea servisi yako ya pili, jua ameamua kumaliza mapema, mpigie mwilini.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.